Boti za Likizo Zilizolala Gati Moja na Matishari ya Makaa

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na kina baba, hamjambo. Vijana mlioburutwa hapa na wazazi siku ya mapumziko, poleni; nitajitahidi nisiwachoshe.

Kamati imeniomba nizungumze kuhusu boti za mifereji kwa sababu kundi letu linakwenda Foxton mwezi ujao, na mwenyekiti alisikia kwamba nilipokuwa mwanafunzi nilifanya vibarua vya Jumamosi kwenye yadi ya kukodisha boti. Alichotaka ni niwafundishe kupita kwenye malango ya maji bila mtu kutumbukia. Hilo nitalifanya, halichukui muda. Muda unaobaki nimeuteka mwenyewe. Nataka kuwasimulia habari za kampuni iliyoitwa Blue Line, ya kijiji cha Braunston, Northamptonshire, chini ya saa moja kwa gari kutoka hapa Leicester. Wengi wenu hamjaisikia. Lakini ukitafuta leo likizo ya boti kusini mwa Ufaransa, jina la Le Boat halitachelewa kukufikia, na Le Boat ni mjukuu wa Blue Line.

Le Boat huhesabu umri wake kuanzia mwaka 1969, pale ilipoanzia Ufaransa. Mimi nahesabu tofauti. Kwangu historia yake yenye uzito ni ya kabla ya hapo, wakati Mwingereza mmoja, Michael Streat, mwenye Blue Line, alipokuwa na boti za likizo na matishari ya makaa ya mawe kwenye yadi moja, na akaendesha biashara zote mbili mpaka moja ikamfia mikononi. Tukizungumza likizo peke yake tutakuwa tumewafuta watu waliochimba, waliovuta na waliolala ndani ya boti hizi kwa vizazi, nami sikukubali kuja hapa kufanya hivyo.

Mifereji ya nchi hii ilichimbwa kwa ajili ya makaa. Mwaka 1761 Mtawala wa Bridgewater alifungua mfereji wake kutoka machimbo ya Worsley kwenda Manchester, na bei ya makaa mjini ikashuka karibu nusu. Matajiri wengine wakaona, wakakopa, wakachimba. Fundi aliyesimamia kazi nyingi za mwanzo alikuwa James Brindley, na yeye na wenzake, ili kupunguza gharama na kutunza maji, wakajenga vyumba vya maji, yaani vile vyenye malango vya kupandishia na kushushia boti, vyembamba mno katikati ya nchi: urefu wa mita 22 hivi, upana kama mita 2 na kidogo. Uamuzi ule wa kubana matumizi, wa karne ya 18, ndio unaopanga mpaka leo upana wa kitanda utakacholalia. Boti ya kukodi haiwezi kuzidi mita 2.1 kwa ubavu, hata kama mwenye boti ni bilionea. Mwenye mwili wa kushiba ajipange mapema.

Reli zilipokuja, nauli za shehena zikaanguka. Baharia wa mfereji, aliyekuwa na nyumba yake kijijini na msaidizi wa kumlipa, akashindwa kulipa vyote viwili. Akaacha nyumba, akamchukua mke na watoto, wakahamia kwenye tishari. Sehemu ya shehena iliachiwa shehena, kwa hiyo familia nzima ikaishi kwenye kibanda cha nyuma, mita tatu kwa mbili, chenye jiko la chuma, meza inayogeuka kitanda, na mapambo ya maua ya waridi na makasri yaliyochorwa kila penye nafasi. Watoto hawakusoma, maana tishari halisimami muda wa kutosha kwa mwalimu kujifunza majina yao. Baadaye zikaja injini za dizeli, ukawa mtindo wa jozi: tishari moja lenye injini mbele, na la pili lisilo na injini linavutwa nyuma, mama akishika usukani wake. Jozi moja ilibeba tani kama 50. Braunston ilikuwa njia panda yao, mahali Mfereji wa Oxford unapokutana na Grand Union, na kanisa la kijiji lenye mnara mrefu ndilo walikobatiza na kuzika.

Sasa, wazo la kulipa pesa ili ukae kwenye maji kwa starehe lilikuwepo zamani. Kwenye maziwa na mito ya Norfolk, seremala John Loynes alikuwa akikodisha mashua za tanga mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1908 Harry Blake akafungua wakala wa kuwaunganisha wenye mashua na wateja kutoka London. Lakini ile ni Norfolk, upepo na nafasi. Mfereji wa makaa, wenye maji ya rangi ya chai na viwanda pande zote, nani angelipia kwenda kuukaa?

Aliyewafungua watu macho ni fundi mitambo L. T. C. Rolt. Mwaka 1939 alimwoa Angela, wakahamia kwenye boti ya zamani iliyoitwa Cressy, wakaanza kuzunguka mifereji. Aliandika aliyoyaona, kitabu kikatoka mwaka 1944 katikati ya vita, na wasomaji waliochoka mabomu wakakipenda. Mmoja wao alikuwa Robert Aickman. Mwaka 1946 wakaanzisha chama cha kutetea njia za maji za ndani, na Agosti 1950 chama hicho kikaitisha mkusanyiko mkubwa wa boti pale Market Harborough, hapa hapa jirani yetu. Zaidi ya boti 100 zilikuja. Watu wengi walikuwa hawajawahi kuona boti ya starehe kwenye mfereji, na siku zile waliona foleni yake.

Wawili hawa waligombana, na mwaka uliofuata Rolt akawa nje ya chama alichokianzisha. Aickman alitaka kila mfereji ufunguliwe, kila mtu aingie, burudani na sherehe zitumike kama silaha. Rolt moyo wake ulikuwa kwa familia za matishari na kazi yao. Aliogopa kwamba mfereji ukigeuka uwanja wa michezo, wenyewe watatoweka. Nimelifikiria sana jambo hili. Moyo wangu uko kwa Rolt. Hesabu, kwa bahati mbaya, ziko kwa Aickman: bila wateja wa likizo mifereji mingi ingefukiwa. Na alichokihofia Rolt kimetokea vilevile.

Baada ya vita yadi ndogo za kukodisha zikachipuka huku na huko, nyingi za mume na mke na fundi mmoja. Boti zao zilikuwa za kuungaunga: maganda ya zamani yaliyoongezewa paa, au mbao nyepesi zenye injini iliyotolewa kwenye chombo kingine. Choo kilikuwa ndoo yenye dawa. Taa ya gesi. Mteja alipewa ramani, mkono wa chuma wa kufungulia maji, upondo wa kujisukuma akikwama kwenye tope, na dua.

Mifereji yenyewe ilitaifishwa mwaka 1948, na serikali haikujua la kufanya nayo. Mingine ilikuwa imeshaandikiwa kufa. Mfereji wa Llangollen, ambao leo labda ndio unaopendwa kuliko yote, uliruhusiwa kisheria kuachwa mwaka 1944. Kilichouokoa ni mabomba. Ulikuwa ukileta maji ya mto Dee hadi hifadhi ya Hurleston kwa ajili ya wakazi wa Cheshire, basi ukaachwa wazi kwa mkataba wa maji ya kunywa. Ndiyo sababu leo familia inaweza kukodi boti ikavuka daraja la maji la Pontcysyllte, la mwaka 1805, mita 307 kwa urefu na mita 38 juu ya bonde, upande mmoja kuna njia ya miguu na upande wa pili hakuna hata kizuizi cha kushikilia. Unesco waliliandika kwenye orodha yao mwaka 2009. Wengine hufumba macho wanapovuka. Aliyeshika usukani asifumbe.

Haya, turudi Braunston. Pale palikuwa na kampuni kongwe ya kubeba makaa, Samuel Barlow. Mwaka 1958 yadi ya Braunston ilishusha majini tishari la mbao lililoitwa Raymond, lisilo na injini, la kuvutwa, na hilo likawa la mwisho la aina yake kujengwa kwa ajili ya kazi. Mwaka 1962 Blue Line ya Streat ikachukua matishari ya Barlow. Fikirieni wakati aliouchagua! Desemba ya mwaka uleule baridi ikaanza, na mifereji ikaganda mpaka Machi 1963. Barafu ilishika matishari kwa wiki na wiki, makaa yamo ndani, viwanda vinasubiri, na malori yanapita barabarani. Barafu ilipoyeyuka wateja hawakurudi. Shirika la serikali, British Waterways, lililokuwa na matishari mengi kuliko wote, likaachana na karibu yote.

Blue Line ikaendelea. Kampuni iliyokuwa na boti za likizo ikabaki inabeba makaa, wakati serikali imeshakunja jamvi. Kazi yake kubwa ilikuwa safari moja: kupakia makaa Atherstone, Warwickshire, kuteremka na Grand Union hadi Southall, magharibi ya London, kwenye kiwanda cha jamu cha Kearley & Tonge. Mabaharia waliiita safari ya shimo la jamu. Kwenda umejaa, kurudi mtupu, mchana kutwa malango ya maji, mikono imechubuka kwa baridi.

Niruhusuni nisimame kidogo Southall. Hapa ukumbini naona akina Patel, akina Singh, na mzee wangu wa Kisumu pale mbele. Ninyi mnajua kuliko mimi: mwaka 1968 Wahindi wa Kenya walikimbilia nchi hii kabla sheria haijawafungia mlango, na mwaka 1972 Amin akawafukuza wa Uganda. Wengi wakashukia Leicester, wengi wakashukia Southall. Kwa hiyo kulikuwa na miaka miwili hivi ambapo familia iliyotoka Nairobi na masanduku yake ingeweza kusimama juu ya daraja la mfereji pale Southall, ikaona jozi ya matishari inaingia na makaa, mama ameshika usukani wa lile la nyuma. Watu waliokuwa wanaanza maisha Uingereza na watu ambao maisha yao ya Uingereza yalikuwa yanakwisha, maji yaleyale. Sina ushahidi kwamba kuna aliyepungia mkono mwenzake. Napenda kudhani hivyo tu.

Oktoba 1970 safari ya mwisho ya shimo la jamu ikafanyika. Wanahistoria wa mifereji huihesabu kuwa mwisho wa mikataba ya kudumu ya masafa marefu ya matishari membamba. Kiwanda hakikuhitaji tena makaa ya maji, familia zikashuka nchi kavu, na baadhi ya watoto wao, waliozaliwa kibandani, wakalala chini ya paa lisilotikisika kwa mara ya kwanza.

Miaka miwili kabla, mwaka 1968, ilikuwa imepitishwa sheria iliyoandaliwa na Barbara Castle alipokuwa waziri wa usafiri, iliyogawa mifereji makundi matatu: ya biashara, ya matembezi, na mingine yote. Neno matembezi ndilo lililookoa ile ya kati. Kwa mara ya kwanza serikali ilibanwa kisheria kuitunza kwa ajili ya watu wa starehe. Mwenye yadi sasa angeweza kwenda benki akakopa ajenge boti za chuma, akijua mfereji hautafungwa kesho.

Naahidi Ufaransa tutafika, lakini kabla hatujaondoka Uingereza nilipe deni la mwenyekiti.

Siku ya kazi kwenye yadi ni Jumamosi. Boti zinarudi asubuhi, na wateja wapya wanafika alasiri. Katikati hapo kila kitu kinafanyika: shuka zinatolewa, tangi la choo linafyonzwa na pampu, dizeli na maji vinajazwa, jiko linasuguliwa, na mtu mmoja, mara nyingi kibarua mdogo kuliko wote, anafungua kifuniko cha nyuma na kuingiza mkono kwenye maji baridi kuikagua rafadha. Humo nimetoa mifuko ya plastiki, waya, kamba, na suruali nzima. Kisha wanakuja wateja na unapewa muda mfupi kumgeuza mhasibu kuwa nahodha wa chombo cha chuma cha tani zaidi ya 15. Leseni haitakiwi. Mwendo usizidi kilomita 6.4 kwa saa, na ukipita penye boti zilizofungwa punguza zaidi, la sivyo utamwagia mtu chai yake.

Usukani ni kana. Ukitaka omo liende kulia, sukuma kana kushoto. Wa Lamu na Unguja hawahitaji kufundishwa hilo; wa Dodoma tutawasaidia. Kwenye chumba cha maji, unaingia, unafunga malango nyuma yako, mwenzako wa juu anafungua vilango vidogo kwa mkono wa chuma, maji yanajaa au yanapungua yenyewe, bila pampu yoyote, kisha malango ya upande wa pili yanafunguka kwa kuyasukuma kwa mgongo. Usiyalazimishe. Yakigoma, maana yake maji hayajalingana, subiri. Hatari kubwa ni wakati wa kushuka. Nyuma yako, chini ya malango ya juu, kuna kizingiti cha mawe usichokiona. Boti ikirudi nyuma kidogo, tezi likakaa juu ya kizingiti huku maji yanashuka, omo linazama, na boti inajaa maji kwa dakika chache. Kwa hiyo kaa mbele, tazama alama nyeupe ukutani, na aliye juu asiondoke kwenye vilango mpaka umeshuka. Usifunge kamba kwa fundo gumu, maana boti itaning'inia. Foxton mtakutana na vyumba 10 vilivyoshikana kama ngazi, vitano, kisha vitano, na wasimamizi wa kujitolea watawaelekeza. Wasikilizeni wao kuliko mimi.

Haya, Ufaransa.

Mwaka 1969, wakati matishari yake ya makaa bado yanafanya kazi, Streat alipeleka boti za kukodisha kwenye mji wa Castelnaudary, kwenye Canal du Midi. Mfereji ule ni mzee kuliko hii yetu kwa karibu karne nzima. Pierre-Paul Riquet, mkusanya kodi ya chumvi wa mfalme Louis wa 14, aliuanza mwaka 1666, akaajiri wafanyakazi wapatao 12,000, akatumia mali yake, akafa mwaka 1680 bila kuuona umekamilika. Ulifunguliwa mwaka uliofuata. Kilomita 240 kutoka Toulouse hadi ziwa la pwani la Thau karibu na Bahari ya Kati. Ugumu wake haukuwa kuchimba. Ugumu ulikuwa kuyapata maji ya kulisha sehemu ya juu, pale Naurouze, na Riquet aliyaleta kutoka milima ya Montagne Noire kwa mitaro na bwawa kubwa la Saint-Ferréol. Castelnaudary yenyewe ina bwawa la hekta 7 hivi katikati ya mji, lililojengwa ili boti zipumzike. Mtu aliyetoka Braunston angeona mara moja kwamba hapo ni mahali pa yadi.

Matishari ya Kifaransa yaliyobeba divai na nafaka yalikuwa bado yanapita. Shida yao ni vipimo. Tishari la kawaida la Ufaransa lina urefu wa mita 38.5, na vyumba vya Riquet vinapokea mita 30 tu. Serikali ilianza kuvirefusha kutoka pande zote mbili miaka ya baadaye, kazi ikaishia njiani, katikati kukabaki vya zamani, na hapo biashara ya shehena ikanyongwa polepole. Kwa Streat hii haikuwa hadithi mpya. Alikuwa ameshaitazama ikimalizika nyumbani kwake.

Alichopeleka kule ni utaratibu aliouzoea: mteja apewe boti aiendeshe mwenyewe, wiki nzima, bila nahodha wa kuajiriwa. Ufaransa inadai leseni kwa vyombo vya injini, lakini boti za kukodi zina kibali maalumu. Kampuni inamfundisha mteja, inampa karatasi, anaondoka. Jua ni la uhakika, msimu ni mrefu, mkate unapatikana kila kijiji, na mlinzi wa malango anafunga kazi saa ya chakula cha mchana, hata ukipiga honi kumi. Waingereza walikuja, kisha Wajerumani na Waswisi, na Wafaransa wenyewe. Shehena ilipokwisha kabisa, boti za kukodi zikawa ndizo zinazopita, na mlinzi akabaki na kazi.

Hapo ndipo chombo chenyewe kilipobadilika. Vyumba vya Riquet ni vipana, vyenye kuta zilizopinda kama yai, kwa hiyo boti za fiberglasi za upana wa mita 3 na zaidi zikachukua nafasi: vyumba vya kulala vilivyotengana, bafu, sitaha ya juu ya kulia chakula. Raha tupu. Ila boti ya namna ile haiwezi kuingia kwenye chumba kimoja cha Brindley. Kampuni iliyotoka Braunston ilijenga boti zisizoweza kurudi kwenye vyumba vyembamba vya nyumbani kwao. Leo warithi wake, kwa Uingereza, wako kwenye Thames na kwenye Mfereji wa Caledonia kule Scotland, kwenye maji mapana.

Kuhusu umiliki nitapita haraka, maana ni habari za wanasheria. Blue Line iliungana na Crown, ikawa Crown Blue Line. Ikaingia kwenye mikono ya kampuni kubwa ya utalii First Choice. First Choice ikaungana na biashara ya TUI mwaka 2007. Majina kadhaa, pamoja na Emerald Star ya Ireland na Connoisseur, yakakusanywa chini ya Le Boat. Mwaka 2017 TUI ikauza kundi lililobeba Le Boat kwa KKR, kampuni ya uwekezaji ya Marekani. Mwaka 2018 boti zikafika Kanada, kwenye Mfereji wa Rideau kati ya Ottawa na Kingston, mfereji wa mwaka 1832 uliochimbwa kwa hofu ya vita na Wamarekani.

Sitaki mdhani nimekuja kuipigia debe likizo hii. Kule Midi, kingo zimepandwa miti ya mkuyu wa Ulaya, 42,000 hivi, inayofunika maji kwa kivuli. Picha zote mnazoziona ndizo hizo. Mwaka 2006 ugonjwa wa kuvu uligunduliwa kwenye miti hiyo, karibu na Carcassonne. Hauna tiba. Inaaminika uliingia Ulaya wakati wa Vita ya Pili na masanduku ya mbao ya risasi ya jeshi la Marekani. Kuvu husafiri na maji, na husafiri na boti: kamba iliyofungwa kwenye shina bovu inafungwa jioni kwenye shina zima, ubavu wa boti unakwaruza mizizi. Boti zilizoupa mfereji maisha ya pili ndizo zilizosaidia kusambaza maradhi ya miti yake. Makumi ya maelfu ya miti imekatwa na kuchomwa, na mingine ya aina tofauti inapandwa. Wateja sasa wanakatazwa kufunga kamba kwenye miti, na kampuni zinatoa vigingi. Mngeniuliza, vigingi vingetolewa tangu siku ya kwanza, ugonjwa au usiwepo.

Na huku kwetu? Tangu mwaka 2012 mifereji ya England na Wales, karibu kilomita 3,200, iko chini ya taasisi ya hisani, Canal & River Trust. Inaishi kwa kodi za majengo yake, ada za leseni za boti, michango, na ruzuku ya serikali. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba kuanzia 2027 ruzuku hiyo itapungua kwa asilimia 5 kila mwaka kwa miaka kumi. Kuta za mabwawa ni zilezile za miaka 200 iliyopita, na bei ya kuzikarabati haipungui kwa asilimia 5. Kiangazi cha 2025 kilikuwa kikavu mno, na mifereji kadhaa, Leeds and Liverpool ukiwemo, ilifungwa sehemu kubwa kwa kukosa maji ya kutosha kwenye malango. Yadi ya kukodisha iliyo kwenye mfereji uliofungwa ina boti, ina wafanyakazi, ina wateja walioshalipa, na haina pa kuwapeleka. Haina tofauti kubwa na Blue Line kwenye barafu ya 1963, isipokuwa safari hii adui ni ukame.

Kwa hiyo mkikodi boti, kodini kwenye yadi ndogo ikiwezekana, ile ambayo mwenyewe ndiye atakayewaonyesha kizingiti. Na mkipita Braunston, tishari Raymond lipo bado. Limekarabatiwa na kikundi cha wapenzi wake, na huletwa kwenye mikusanyiko ya majira ya joto. Ombeni kuchungulia kibandani, mpige hesabu ya watoto wangapi mngewalaza humo.

Mzee wa Kisumu ameshanyoosha mkono, na najua ananiuliza Southall. Karibu mzee, kipaza sauti hicho hapo.